Ngoma Mbili, Uwanja Mmoja

Mume wangu alikuwa manju. Alitunga nyimbo, akaziimba mbele ya wachezaji wake, na mimi nilimpigia vigelegele tangu sijazaa. Siandiki jina lake wala majina ya waliomwacha, ingawa ninayo yote, hata ya baba zao. Wana wajukuu hapahapa Igogo, tunachota maji bomba moja.

Sisi Wasukuma tulishindana hivi. Baada ya mavuno vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja na kuimba kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji. Watazamaji wanaamua kwa miguu. Manju huyu akimtukana mwenzake vizuri, wanamkimbilia. Yule akijibu, wanarudi kwake mbio. Vumbi, kusukumana, viatu kupotea. Anayezungukwa na wengi ndiye mshindi. Anayenyamaza kwanza ameshindwa, hata kama koo limechanika. Halafu njia nzima ya kurudi nyumbani watu wanagombania maana ya maneno.

Ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Madukani kila kitu kipo, na kiwanda cha pamba alichofanyia kazi mume wangu kimefungwa. Kampuni moja ya sabuni ikaleta mjini gari lenye jukwaa, spika zimepandana kama magunia. Kijana wao akaja nyumbani.

"Shikamoo mzee. Tunaomba ngoma yako Jumamosi mchana."

"Marahaba. Upande wa pili nani?"

"Kuna bendi, mzee. Kutoka Dar."

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. "Bendi! Waje!"

Kijana akaondoka amefurahi. Hakujua kwamba ametangaza vita. Wiki nzima mume wangu alitunga matusi ya bendi: wanaume wazima wanaokata viuno, na gitaa ambalo umeme ukikatika linakuwa ubao wa kukatia nyama.

Jumamosi tulicheza vizuri, watu wakatusogelea. Mara yule kijana akasema kwenye spika, "Asante sana mzee!" na bendi ikaanza. Wachezaji wakamtazama manju wao. Yeye akainua usinga wake, akaendelea. Angenyamazaje kwanza?

Watu wakahama. Walisimama wote wameelekea upande mmoja, mikono juu, wakiimba pamoja na bendi maneno waliyokwisha kuyasikia redioni. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyekimbia kwenda na kurudi. Wimbo wanaujua, wamekuja kuusikia tena! Mimi nilidhani mtu anakwenda ngomani kusikia asilolijua.

Mdogo wangu wa tumbo moja alinivuta mkono. "Dada, njoo tucheze basi."

"Na shemeji yako?"

"Mwache, atachoka mwenyewe."

Akaenda. Wachezaji nao wakaenda, mmoja mmoja, na njuga zao miguuni. Tukabaki yeye, mimi, na mpiga ngoma mmoja aliyekuwa kiziwi kidogo.

Ndipo watu wa nyuma wakageuka. Wakaanza kuja, kundi kwa kundi. Mume wangu jasho linamtiririka, macho yanawaka.

"Wanarudi! Mama, piga kigelegele!"

Nikapiga. Niliona wameshika matumbo kwa kucheka, wanamwonyesha kidole. Nikapiga tena, kwa nguvu, ili asisikie vile vicheko.

Siku chache baadaye kijana akarudi na mche wa sabuni. "Mzee, watu wamekupenda kweli. Sasa tunavuka ziwa kwenda Nansio. Ufanye vilevile: bendi ikianza, usiache."

"Watu watajaa?"

"Pomoni, mzee."

Kijana alipotoka nikamwambia mume wangu, "Huoni kwamba wanakucheka?"

"Naona. Sina macho?" Alikuwa anakung'uta ngozi yake ya kuchezea. "Lakini waligeuka kwangu, au hawakugeuka?"

"Waligeuka."

"Basi."

Mtu aliyewahi kuwatoa watu viatu kwa maneno yake! Nikamwambia aende, ila mimi siendi.

Alipanda meli na watu wa sabuni. Waliokuwapo Nansio walinisimulia kwamba uwanja ulicheka mpaka basi, na kwamba kigelegele alipigiwa na msichana wa kampuni, mwenye fulana ya sabuni, aliyefundishwa melini siku hiyohiyo. Hata ulimi hakujua kuutikisa.