Jicho na Kijicho

Pale kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Tahadhari, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kiongozi wa chumba cha pasi, na miaka yote hiyo, kila aliyeisogelea mashine na mkono wa shati unaoning'inia aliisikia sauti yake kabla hajalisikia joto: "Tahadhari, mwanangu! Hilo ni shati au kamba?"

Pasi yenyewe si ile ya mkononi. Ni magogo mawili ya chuma, rola, marefu kuliko kitanda, yana moto na yanazunguka. Yanalivuta shuka bichi upande huu na kulitoa upande wa pili limenyooka kama karatasi. Shuka huingia, na kidole kikizubaa nacho huingia. Mama Tahadhari alikuwa na vidole vyake vyote kumi na alipenda kuvionyesha. "Hivi havikulindwa na fundi yeyote," alisema, kisha akajigonga paji la uso. "Vimelindwa na hiki."

Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mtungi wa gesi aliufunga kwa mkono wake, akafika mlangoni, akarudi kuuangalia tena. Kwenye gari la mumewe alifunga mkanda kabla gari halijaanza kupiga kelele, maana hakutaka kukumbushwa na gari kama mtoto. Na siku simu ya mumewe ilipolia kumwambia kwamba muda wa kunywa maji umefika, alicheka mpaka akakaa chini. "Kiu ni yako, koo ni lako, halafu unaambiwa na simu! Siku ikizimika si utakauka?" Hakuzichukia mashine. Alichokataa ni mtu kuikabidhi mashine akili yake, kisha aende zake kupiga soga.

Basi ikaja pasi mpya. Mbele ya rola zake kulikuwa na kioo cheusi, kidogo kama kifungo cha koti, kinachotazama mikono ya watu. Mkono ukikaribia mno, rola zinasimama papo hapo. Wafanyakazi wakakiita "jicho". Na pamoja na jicho kikaja cheo: msimamizi wa usalama, mwenye tableti, ambaye kila asubuhi hukagua mambo kumi na mawili na kuweka alama ya vema. Mama Tahadhari alishajitafutia miwani ya kusomea kwa ajili ya cheo hicho.

Cheo akapewa wifi yake.

Wifi huyu, dada mdogo wa mumewe, alikuwa na miaka mitatu tu kiwandani, na aliyemwingiza ni Mama Tahadhari mwenyewe, aliyemshika mkono mpaka mlangoni kwa meneja. Ndiye aliyemfundisha kushika pindo la shuka, kukunja mikono ya shati, hata kumtambua meneja kwa mlio wa viatu. Sasa wifi alipita katikati ya meza, tableti kifuani kama mtoto mchanga.

"Wifi, hebu weka saini hapa, kwamba umepata mafunzo," alimwambia siku ya kwanza.

"Mafunzo ya nini?"

"Ya kulinda vidole."

Mama Tahadhari alivitazama vidole vyake, kimoja kimoja. "Lete," akasema. Akatia saini, na donge likamkaa kooni tangu siku hiyo.

Kilichomuuma kuliko vyote ni yale maonyesho. Kila walipokuja wageni, wifi alikunja mkono wa shati, akaupeleka mkono wake mbele ya rola, na rola zikasimama. Wageni wakapiga makofi. Mama Tahadhari akawa upande wa pili, anakunja mashuka, akihesabu moyoni: miaka kumi na tisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumpigia makofi kwa sababu hakuungua. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mkwe wake aliwasimulia majirani jinsi bintiye anavyoendesha kiwanda. Mumewe, mdomo umejaa chakula, akasema, "Dada yangu ana kipaji, lazima tukubali." Sahani yake iliondolewa kabla hajamaliza.

Jumatatu moja, Mama Tahadhari aliona kwamba kile kioo kimefunikwa na nyuzi za nguo, zile nyepesi zinazoruka chumbani kutwa nzima. Akakunja taulo mara nne, akalisogeza karibu na rola. Rola hazikusimama. Jicho lilikuwa halioni.

Akafungua mdomo. Pale pale akamwona wifi yake mlangoni, anacheka na meneja, na meneja anamvutia kiti akae. Mdomo ukajifunga. "Si jicho lao?" alijiambia. "Na lijione lenyewe."

Jumanne hakuna aliyelifuta, Jumatano vivyo hivyo. Mama Tahadhari alijitia hamnazo, ila siku zote hizo alisimama mwenyewe mbele ya mashine ile na hakumruhusu mwingine kuigusa. Ndivyo alivyojiridhisha. Mikono ya wenzake aliilinda. Aibu ya wifi aliiachia njia ije.

Alhamisi wakaja wageni bila taarifa. Moyo wa Mama Tahadhari ulimdunda, na si kwa hofu, ni kwa hamu. Aliiona picha yote: wifi anapeleka mkono, mashine haisimami, wifi anaurudisha upesi, wageni wanatazamana, meneja anakohoa. Aibu ya dakika moja tu, basi.

Lakini wifi, mkono ukielekea kwenye rola, alikuwa hautazami. Alikuwa anawatazama wageni. "Mnaona?" alisema huku akitabasamu. "Wala sihitaji kuangalia. Lenyewe linaangalia."

Miguu ya Mama Tahadhari iliondoka kabla yeye hajaamua. Alipiga kikumbo toroli la mashuka, likapinduka, akakifikia kitufe chekundu na kukipiga kwa ngumi. Rola zikasimama, lakini ncha za vidole viwili zilikuwa zimeshaingia. Ukelele ule ulisikika mpaka kwa madereva nje. Wakazifungua rola, wakamtia wifi mkono kwenye maji baridi, wakamkimbiza hospitali. Vidole vilipona, kucha zikaenda, ngozi ikaenda nazo.

Na hapo, kati ya mashuka yaliyotapakaa sakafuni, wageni wakampigia makofi Mama Tahadhari. Yalimwingia masikioni kama maji ya moto. Meneja akamwekea tableti mezani. "Mama, umeokoa mkono wa mtu. Hii ilistahili kuwa yako tangu mwanzo."

"Nipe mpaka kesho," alijibu, wala hakuinyanyua mezani.

Jioni hiyo wifi alikaa sebuleni kwa Mama Tahadhari, kwenye kiti cha Mama Tahadhari, bendeji nyeupe imenyanyuliwa juu ya mto. Mumewe alimshikia dada yake kikombe. Mama mkwe alimlisha kwa kijiko, akipuliza kwanza. Mama Tahadhari aliyatazama hayo akashtuka kugundua kwamba roho inamuuma tena. Alikuwa anaionea wivu bendeji.

"Mchane nywele wifi yako," mama mkwe akamwambia. "Kwa mkono mmoja hawezi."

Akachukua kitana, wakaenda chumbani, wifi akakaa chini, yeye akakaa kitandani nyuma yake. Alichana kuanzia kisogoni mpaka akafika utosini.

"Niliona tangu Jumatatu," akasema mwishowe.

"Uliona nini?"

"Kioo. Kimejaa nyuzi. Nikanyamaza."

Wifi hakugeuka. "Kwa nini, wifi?"

"Kwa sababu ya yale makofi yako."

Mabega ya wifi yakaanza kutikisika. Alilia kilio kirefu, na haikuwa kwa ajili ya vidole. Alipotulia alisema, "Namba saba kwenye orodha ni kufuta kioo. Nimeweka vema Jumatatu, Jumanne, Jumatano na leo. Sikukifuta hata mara moja. Nilidhani jicho linaona tu."

"Hilo haliniondolei kosa langu."

"Haliondoi. Na sijakusamehe." Akajifuta pua kwa mkono mzima. "Malizia upande huu. Na usivute hivyo, unaniumiza."

Asubuhi Mama Tahadhari aliingia kwa meneja akayasema yote akiwa amesimama. Meneja alitoa miwani, akaivaa, akaitoa tena. Barua za onyo zilitoka mbili. Wifi alivuliwa cheo, na Mama Tahadhari akavuliwa uongozi wa chumba cha pasi. Mumewe hakumsemesha siku nne. Mama mkwe alimsemesha sana, na heri angenyamaza. Wifi mwenyewe ilimchukua miezi kabla hajakanyaga tena nyumbani kwa kaka yake bila kuitwa.

Tableti akapewa mkunja mablanketi, bwana mmoja mpole ambaye hakuwahi hata kuota cheo. Mama Tahadhari alimtazama akipita nayo kifuani, na donge likapanda kooni kama mgeni anayeijua njia. Wiki ya pili akamwona amesimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, anaweka alama bila kuingia.

Alisimama kidogo. Angeweza kuendelea na shughuli zake.

"Bwana wee," akaita. "Umeweka vema namba tano, ya sakafu, na hujaingia. Mle ndani maji yamejaa sakafuni, mtu atavunjika kiuno. Rudi."

Yule bwana akarudi, akapiga deki. Saa nne meneja alipita, akaiona sakafu kavu inang'aa, akampongeza mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Mama Tahadhari akameza mate, akavuta shuka jingine kutoka kwenye toroli.