Majiko Manne ya Mama Walburga

Kwaya yetu ya Mbuji ina sauti nne, na chai yake ina mwenyewe. Mwenyewe ni Mama Walburga. Anaimba sauti ya pili tangu usichana, na tangu aolewe ndiye anayechemsha chai kila kwaya inaposafiri. Tangawizi anatia bila kupima, sukari anatia kwa uchungu.

Mwaka juzi kifua kilianza kumbana. Daktari wa zahanati akamwambia moshi basi, wa kuni na wa mkaa. Ndipo mwenyekiti wetu Cuthbert, kwa nia njema kabisa, akasema safari ya kwenda kuimba Lipingo chai apike Glorious, msichana wa sauti ya kwanza, Mama apumzike nyumbani. Lakini lori la kwaya lina nafasi ya waimbaji na ya wapishi tu, na kwa kifua kile sauti ya Mama ilikuwa imebaki nusu. Asipopika, hapandi. Na asipopanda safari moja, nani atamkumbuka safari ya pili?

 Mama alikwenda kwa mpwa wake Benno, seremala, ambaye ana spiriti ya kuchanganyia polishi. Benno huchemsha chai yake karakana kwa jiko dogo alilolitengeneza mwenyewe: amekata makopo mawili ya bia, akayasokomeza moja ndani ya jingine, akatoboa vitundu kuzunguka ukingo. Unamimina spiriti, unawasha, na moshi hakuna. Mama akaomba atengenezewe manne.

Akajifunza nayo nyuma ya nyumba. Asubuhi za Mbuji zina baridi na spiriti inakuwa nzito kuwaka, kwa hiyo akawa anaikumbatia chupa ndani ya kanga kwanza, kama mtoto. Akaona sufuria ikilikalia kopo moto unakufa, ikiinuliwa sana joto linapotelea hewani. Kipimo chake kikawa vidole vitatu. Sufuria iwe pana, na ifunikwe. Mchana moto wa spiriti hauonekani, na siku moja ulikula pindo la kanga yake huku yeye akiulizana na jirani harufu inatoka wapi. Tangu hapo anatia chumvi kidogo kwenye spiriti, moto uwe wa manjano aonane nao. Na jiko linalowaka haliongezei spiriti, hata umwombe vipi.

Cuthbert alikubali apande, lakini kuni nazo zikapakiwa. Siku ya misa chai isipokuwa tayari kabla ya kengele ya kwanza, Glorious anawasha kuni, na kazi ya chai inakuwa yake.

Njiani harufu ya spiriti ilienea lori zima. Minong'ono ikaanza kwamba Mama amebeba gongo, na Joakim wa sauti ya tatu akajisogeza, akaomba kifuniko kimoja tu, cha koo.

"Hii inang'arisha milango, baba," Mama akamwambia. "Ukitaka kung'aa, kunywa."

Tulilala shuleni, karibu na ziwa. Asubuhi tulishuka ufukweni kunawa, na hapo ndipo chai ilipotakiwa. Upepo wa ziwani ulikuwa umeamka kabla yetu. Kila Mama alipowasha, moto ulilala, ukalamba mchanga, ukazimika.

Sasa, Mmatengo kama sisi akishindwa na jambo la ardhi, anachimba. Huko kwetu tunalima ngolo, mashimo yanayopangana mteremko mzima kushika maji ya mvua yasichukue udongo. Wanaume tunafyeka na kulaza nyasi, wanawake wanafukia na kutengeneza kingo. Mama akapiga magoti, akachimba mashimo manne kwa sahani, akayajengea kingo pande zote, akazigonga kwa kiganja mpaka zikashikamana. Kila shimo akalipa jiko, na sufuria akaiketisha juu ya kingo. Wanawake wa Lipingo waliokuwa wakianika dagaa wakaja kuuliza tunapanda nini.

"Chai," Joakim akawajibu. "Kwetu inaota."

Upepo haukuingia tena. Lakini moto ukaanza kulegea, ukawa mdogo, kisha jiko moja likazimika kabisa. Glorious alikuwa ameshafungua mzigo wa kuni. Cuthbert alitazama saa, akatazama upande wa kanisa, akasema kwa upole, "Mama, inatosha."

 Mama aliinamisha uso karibu na shimo, akainua sufuria kidogo, na moto ukaruka. Akaishusha, ukalegea. Akafanya hivyo tena. Nilimwona akiweka mkono juu ya ukingo, akauacha hapo. Kwetu ukingo wa ngolo haubomolewi. Mtoto akiukanyaga anachapwa, na Mama mwenyewe amechapa wengi.

"Limekosa pumzi," akasema. "Kama mimi."

Akaubomoa ukingo kwa ngumi, upande ule upepo unakokwenda, akaacha mdomo upana wa kiganja. Moto ukasimama. Akabomoa wa pili, na wa tatu. La nne, lililozimika, akalifungulia mdomo pia, akaliacha lipoe kabisa ndipo akalijaza na kuliwasha upya, huku sisi tukitamani kumsukuma. Mifuniko ikaanza kucheza, mmoja, kisha yote. Harufu ya tangawizi ilifika kwa waanika dagaa, nao wakaja na vikombe vyao.

Kengele ya kwanza ilipolia, Glorious alikuwa anachuja chai na Cuthbert ana kikombe cha pili mkononi. Mwenyekiti alichuchumaa mbele ya Mama, akasafisha koo, akasema mwezi ujao tunaimba Tingi, na kwamba kuni hatutapakia.

Mama alikuwa anazifunika chupa zake.

"Tingi hakuna mchanga, mwanangu," akasema. "Pakieni jembe."