Maji ya Waipa Yalipoganda Jabal Akhdar

Mimi ni mwalimu wa skuli Jabal Akhdar, milimani huku Oman, na watu wakisikia hivyo huniuliza habari za makomamanga na mawaridi. Baridi hakuna anayeiuliza. Oman kwa wengi ni joto, basi, na hata mimi niliyekulia Ibra nilikuwa siamini kwamba maji yanaweza kuganda nchi hii nje ya friji. Jabali likanitia adabu. Siku za kazi hulala huko huko juu katika nyumba za walimu, Alkhamisi nikashuka Nizwa, kisha nikaenda Ibra kwa mama.

Mama yangu kazaliwa Unguja, kaja huku kigori, na mpaka leo Kiswahili chake ni kile cha mjini cha zamani, ukikosea neno anakurudi mbele ya wageni. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alianza kwa kulaumu taa za nyumba, kisha akalaumu miwani, kisha akaacha kwenda soko la wanawake pale Ibra kwa sababu, alisema, vitambaa vya siku hizi vyote rangi moja. Mwishowe akawa anatutambua kwa sauti tu. Nikiingia kimya, anauliza nani huyo.

Operesheni ilikuwa imeshapangwa mara mbili, na mara zote mbili alitoroka. Ya kwanza alisema ana mafua. Ya pili alivaa, akapanda gari, akafika mpaka mlango wa hospitali kule Nizwa, kisha akasema lazima arudi kulisha kuku. Hana kuku. Daktari akatwambia wazi kwamba jicho la kulia likiachwa zaidi huenda lisifae tena. Mama akaogopa, lakini akatia sharti: ataingia ikiwa mimi nitakuwa pale mlangoni, nimshike mkono na nimfasirie yale maneno ya manesi. Nisipokuwepo, anarudi Ibra. Na nilimjua, asingetaka tena kusikia habari ya hospitali.

Ikapangwa mara ya tatu, na siku ya kabla yake nilikuwa na mtihani wa kusimamia, sikuweza kushuka. Nikasema nitatoka asubuhi baada ya kusali, njia si ndefu.

Sasa lazima niseme habari ya maji ya waipa. Wiki chache nyuma nilisimama na mama kituo cha petroli, na kijana wa pale akataka kunitilia maji ya buluu ya kusafishia kioo, akasema haya hayagandi, yana spiriti. Mama alikuwa amekaa mbele, kasikia. Akasema, "Spiriti? Kwenye gari lenye msahafu?" Nikamwambia mama, haya yanakwenda kwenye kioo, hayanywi mtu. Akasema gari linalompeleka yeye kwenye khitma halitiwi ulevi, na kama mimi nimesoma sana, nisome na hilo. Fatwa ya jikoni hiyo, na fatwa za jikoni kwetu hazina rufaa. Tukatia maji ya bomba na tone la sabuni ya vyombo, kama tulivyozoea Ibra, na wote tukaridhika.

Asubuhi ile nimetoka nje, gari jeupe. Kioo kizima kimeshika barafu nyembamba. Nikaifuta kwa taulo, nikawasha hita, nikabonyeza maji ya waipa. Kikasikika kitu kinanguruma ndani, kisha kimya. Tangi lote limeganda. Nikasema potelea mbali, kioo kishafutika, twende.

Nilikwenda vizuri mpaka pale barabara inapoanza kuteremka. Ilikuwa imenyesha siku zile, na lori la mchanga lililokuwa mbele yangu likakanyaga dimbwi, tope lote likaja kwangu. Waipa zikalisambaza kioo kizima. Na jua ndiyo kwanza linachomoza, limenielekea usoni, tope likang'aa, sikuona barabara wala mlima. Kushoto kwangu ilikuwa ukingo, na chini ya ukingo hakuna kitu. Nikasogea polepole pembeni kwenye changarawe, nikavuta breki ya mkono.

Chupa ya maji ya kunywa niliyoisahau garini ilikuwa jiwe. Nikafuta kwa karatasi, tope likazidi kutapakaa. Nilichokuwa nacho ni thamosi ya chai, imeshapoa nusu, basi nikaimwaga kwenye kioo. Chai yenyewe ya maziwa, ina iliki na sukari ya Kizanzibari. Kwa baridi ile ikashika papo hapo, kioo kikawa kama sahani iliyoliwa uji. Nikasimama pale na thamosi tupu, mwalimu mzima, natamani kujipiga kofi.

Simu ikalia. Mdogo wangu wa kiume, yeye ndiye aliyemleta mama hospitali kutoka Ibra. "Dada, uko wapi? Mama kashasimama. Anasema anataka buibui lake."

Kabla sijajibu, mama kamnyang'anya simu. "Uko wapi?"

"Njiani, mama."

"Njiani wapi?"

Mtu asiyeona humdanganyi kwa simu, anasikia mpaka pumzi. Nikamweleza yote, lori, tope, maji yaliyoganda, ukingo. Kisha akauliza kioo nimekitia nini.

"Chai."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

"Mjinga we," akasema, kwa upole kabisa. "Ile kolonya uliyoninunulia, unayo hapo?"

Ninayo. Chupa kubwa ya manukato, ile wanayowarashia wageni mikononi kwenye maulidi na maziko, nilikuwa nampelekea zawadi ya kutoka hospitali.

"Mwaga," akasema.

"Mama, kolonya ni spiriti. Tena imezidi ile uliyoikataa."

"Miye sikukuuliza masomo. Mwaga, uone njia."

Nikashika simu kwa bega, nikafungua chupa, nikamwaga kioo kizima. Tope likalegea, sukari ikalegea, nikapangusa kwa kanga mpya ambayo nayo ilikuwa zawadi yake. Kioo kikatakata. Nikamwambia mama naona sasa, nipe muda kidogo, nakuja mbio.

"Mbio hapana," akasema. "Sikiliza. Nikikaa kukungoja, utakimbiza gari, nakujua. Kwa hiyo sikungoji. Miye naingia."

"Mama, peke yako? Ulisema…"

"Nimesema naingia. Heri nitetemeke miye humu ndani kuliko wewe kuteremka jabali kwa haraka yangu. Shuka taratibu, utanikuta." Akakata.

Nililia pale pembeni mwa barabara, sikuona haya. Mwanamke aliyekimbilia kuku asio nao, leo anaingia peke yake ili mimi nisiende mbio. Nikapanda gari, nikatia gea ndogo, nikateremka kama alivyoniambia. Nilifungua madirisha yote kwa ile harufu, na baridi ikanikata masikio. Chini, pale askari wanapokagua magari, askari aliinama dirishani, akanusa, akaniuliza kama natoka harusini. Nikamwambia naenda kwa mama yangu.

Hospitali nilimkuta mdogo wangu ukumbini, kapakata buibui na viatu vya mama. Akanambia mama alikataa kiti cha magurudumu. Alishika mkono wa nesi, akawa anasoma dua kwa sauti mpaka mlango ukafungwa. "Alikuwa anatetemeka, dada, lakini hakugeuka nyuma." Tukakaa. Sikumbuki tulizungumza nini.

Alipotoka jicho lilikuwa limefungwa, akalala mpaka jioni, na akaniuliza kitu kimoja tu, kama nimekula.

Asubuhi ya pili daktari akamfungua. Mama akapepesa jicho muda mrefu, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Kisha akanitazama mimi. Nikangoja aseme neno.

"Wewe nani?"

"Mimi, mama."

"Sauti naijua," akasema. "Nauliza uso."

Akanivuta karibu, akanipitishia kidole chini ya macho, polepole, pale penye makunyanzi. Nilidhani atanitania, maana ndiyo kawaida yake. Badala yake mdomo ukamcheza.

"Umezeeka, mwanangu, wala sikukuona ukizeeka," akasema. "Umekuwa mama yangu mwenyewe, sura ile ile."

Akajifuta shavu kwa ncha ya kanga, akamgeukia daktari, akamwuliza kwa Kiarabu chake kile kibovu hilo la pili analifanya lini, kesho au keshokutwa.