Marahaba ya Baba

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila asubuhi nikimeza kidonge changu cha presha. Nilikuwa kijana, nachimba dhahabu Bugarama, nimerudi nyumbani Mhunze kuwasalimu wazazi. Nikamkuta baba kwenye kigoda, anakunywa uji. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, lakini mdomo ulikuwa umekwenda upande, na kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Mimi nikacheka. Nilidhani kaamka na pombe, mzee wa watu ambaye hata hakuwa mnywaji.

Mama ndiye aliyeshtuka. "Twende hospitali, baba yako ana presha," akasema. Nikakataa. Sisi wachimbaji, mwanangu, tulikuwa hatushuki duarani, yaani shimo la dhahabu, kabla mganga hajapasua kuku na kumsoma matumbo. Kuku ndiye aliyekuwa injinia wetu. Basi nikaona kuku aliyenionyesha dhahabu hatashindwa na mdomo wa baba.

Nikampeleka baba kwa mganga, naye akapasua kuku, akatazama, akasema ni kijicho cha mtu juu ya dhahabu yangu. Akaonya kwamba dawa mbili, yake na ya hospitali, hazikai tumbo moja. Kabla hatujaondoka pale, mkono wa baba ulikuwa umerudi, mdomo umenyooka, anauliza habari za ng'ombe. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikachukua vidonge vyote vya presha alivyokuwa akimeza baba, nikavitupa chooni.

Siku ya nne baba akaanguka zizini. Safari hii tulikwenda hospitali, na daktari alipoisikia habari nzima akanigeukia.

"Kijana, ule mkono haukuponywa na kuku. Kiharusi kilipiga hodi, kikaondoka. Mlikuwa na siku tatu za kufunga mlango."

Sikumwelewa. Kama baba alikuwa mgonjwa, mbona alipona? Na kama alipona, mbona alianguka? Nilizunguka na maswali hayo miaka mingi, majuto nayo yakinifuata nyuma.

Baba aliishi, lakini maneno yote yalimtoka, likabaki moja. Ukimwuliza kama ana njaa, marahaba. Ukimwambia mvua inakuja, marahaba. Siku moja nikapiga magoti mbele yake, nikalia. "Baba, mimi ndiye niliyetupa vidonge vyako. Nisamehe."

Akanitazama sana. "Marahaba," akasema.

Alinisamehe, au alidhani nimemwamkia? Alikwenda kaburini na jibu lake, na mimi, mzee mwenye presha yangu, bado sijui.

Ndiyo maana nakuambia haya, mwanangu, na wala si kwa kuwa nina akili kuliko wewe. Presha haina kelele. Mzee wako ameze dawa yake kila siku hata akijiona mzima wa kucheza ngoma, na asiiache mpaka daktari aseme. Ukiona uso umekwenda upande, mkono umelegea au maneno yanamkwama, mkimbize hospitali saa ileile. Na dalili zikiondoka zenyewe, mkimbize vilevile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hazijengeki tena.

Mungu akutunzie wazazi wako pamoja na ndimi zao, na siku utakapopiga magoti kuwaomba radhi, wawe na maneno ya kukujibu.