Mashimo ya Pweza ya Mama

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisomea sayansi ya samaki na viumbe vya majini, nilirudi likizo nikaikuta nyumba yetu ya pwani, upande wa Kiswere, haina mtu. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, huko ndani kwenye mikorosho. Mama alipewa shamba. Shamba la nini, mtu aliyeishi kwa pweza maisha yake yote? Nilipandwa na hasira, na yeye ndiye aliyenituliza.

"Kelele za nini? Si serikali hiyohiyo inakusomesha?"

Kwetu mashimo ya pweza yana wenyewe. Mwanamke huyarithi kwa mama yake, na wenzake hawachokoi humo. Sasa miguu ya mama ilikuwa imevimba, pwani hafiki tena, na binti yake nilikuwa mimi peke yangu. Aliogopa kitu kimoja tu: kufa kabla hajanikabidhi.

Basi alifagia uwanja, akapanga korosho mchangani, kila korosho shimo moja.

"Hili alilipenda bibi yako. Na hili halikosi pweza kila bamvua, ila ulijie kwa nyuma. Ukija kwa mbele anajificha."

Nilimwambia chuoni tumefundishwa kwamba pweza ana mioyo mitatu. Alicheka mpaka akakohoa, akasema ndiyo maana ana kiburi.

Bamvua ilipofika niliteremka pwani na kijiti cha mama cha kuchokolea pweza. Maji yalikuwa yametoka mbali, mwamba uko wazi. Nililitafuta shimo la kwanza, sikuliona. La pili pia. Wavuvi wa baruti walikuwa wamepita hapo. Mwamba umevunjikavunjika, vipande vyeupe vimetapakaa kama vigae vya chungu. Shimo moja lilikuwa limesalia, na mlangoni pake hapakuwa hata na ganda la kaa, analoacha pweza akishakula. Nililia palepale, mpaka maji yakajaa hadi magotini.

Nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeyaona?"

Nilimweleza yote. Kumdanganya nisingeweza, mikono yangu ilikuwa mitupu. Aliniuliza kama nimekula, akanisogezea ugali. Nilipokuwa nanawa akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Basi, mwanangu, sina tena cha kukuachia. Wewe soma."