Siku Nilipopanga Katuni Kama Tenga la Nyanya

Jamani, mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuona aibu kirahisi, mimi ndiye niliyeanguka na viatu virefu mbele ya bwana harusi nikaamka nikaendelea kucheza, lakini hii ya Mgeta imenikaa rohoni, nikiikumbuka naosha vyombo najikuta naongea peke yangu kama chizi. Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu, maana kule milimani wameshaiongezea chumvi, na Mungu anajua haikuhitaji.

Kwanza mjue kwamba mama yangu analima nyanya Mgeta, na nyanya za kule zinauzwa kwa tenga. Sasa wakulima ni binadamu, wapo wanaopanga nyanya kubwa kubwa za kung'aa juu, chini wanazika zilizobonyea, ndiyo maana mnunuzi wa Dar akifika gulioni anamwaga tenga zima chini aone mpaka kitakoni. Anamwagia kila mtu, isipokuwa mama yangu. Miaka yote hiyo tenga la Mama Skola linapimwa kwa macho, linafungwa, linapanda lori. (Skola ndiye mimi. Yaani hata jina wanalomwitia ni langu, mnaona balaa linavyoanza.)

Mimi nilisoma masoko pale Mzumbe, nikatoka na imani moja tu, kwamba hakuna kitu kisichouzika ukikisemea vizuri. Nikiwa Morogoro mjini nikakutana na Idi, anachora mabango ya bucha na saluni, mkono wake una baraka, akikuchorea mbuzi ukutani unasikia harufu ya supu. Tukakubaliana tutoe kitabu cha katuni na kukichapisha wenyewe, mimi natunga, yeye anachora, kurasa arobaini, kinaitwa *Mwizi wa Milima Saba*, habari za mtu anayeiba mboga kwenye malori yanayoshuka Dar. Idi akachora kava, nakwambia, kava la kuua! Kisha akaanza kurasa za ndani taratibu, ukurasa mmoja siku nne.

Basi siku hiyo nimekaa saluni nasukwa, sina la kufanya, nikachukua simu nikarusha lile kava kwenye status nikaandika: KATUNI BORA KULIKO ZOTE AFRIKA MASHARIKI! IMEWALIZA MAELFU! INAZINDULIWA MGETA, JUMAPILI YA MWISHO WA MWEZI! (Walioisoma mpaka siku hiyo walikuwa watatu nikiwemo mimi, na mmoja alisinzia.) Kichwa hakijafika nusu kusukwa, shangazi ameshaipeleka kwenye kundi la parokia, na mama akapiga simu anacheka kwa furaha, "Mwanangu, nimeshaiambia jumuiya nzima, hata padre kasema itatangazwa." Ningefuta pale pale yangeisha. Lakini mama alikuwa hajawahi kuielewa kazi yangu hata siku moja, na sasa ananionea fahari, nikaona aibu kumwambia nilikuwa najishaua tu.

Nikaenda kwa Idi.

"Umetangaza nini?" akaniuliza.

"Kitabu."

"Kitabu kipi? Mimi nina kurasa kumi na mbili."

"Ongeza mwendo basi."

"Skola, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nikamwambia hiyo methali ni ya kabla ya simu janja. Akaniangalia, akasema atachora zile anazoziweza kwa muda uliobaki, zikafika kumi na sita, akanikabidhi na ombi moja tu: jina lake nilitoe kwenye kava. "Jina langu liko kwenye bucha tatu," akasema, "na zote zina wateja." Nilinuna kweli kweli, nikamwona mtu wa majivuno.

Kumi na tano zilizofuata nikachora mimi. Mimi! Darasa la nne nilichora jogoo, mwalimu akaandika "kiti kizuri". Bado tisa, mkono unauma, nikaziacha nyeupe, juu nikaandika, "Msomaji mpendwa, hapa chora mwenyewe unavyofikiri," nikajisifu kwamba huo ndio ubunifu. Zile za Idi nikapanga mwanzo, zangu katikati, nyeupe nyuma, nikapeleka steshenari wakachapa nakala mia mbili, kisha kila nakala nikaifunga kwenye nailoni nikaibana na pini, eti ionekane bidhaa ya maana. Nailoni ilikuwa ya kuzuia watu wasichungulie, tuache unafiki.

Jumapili ikafika, misa imetoka, gulio limejaa, mimi nina fulana yenye kava kifuani na spika inayovuma mpaka bondeni. Mama kakaa na matenga yake kumi, kavaa kitenge cha Pasaka. Watu wakaja, lakini wakulima wa Mgeta ni wakulima wa Mgeta, wakawa wanachukua kitabu, wanakigeuza, wanabonyeza nailoni huku na huku.

"Fungua tuone chini," akasema dada mmoja, Getruda, jirani yetu anayelima viazi.

Nikaona biashara inaniponyoka. Nikashika kipaza sauti, na maneno yaliyonitoka ndiyo yananifanya niongee na sufuria mpaka leo: "Ndugu zangu, mnamjua mama yangu! Tenga la Mama Skola halimwagwi, na kitabu cha Skola hakifunguliwi! Nunua, kafungulie nyumbani!"

Weee! Ziliondoka kama maandazi ya moto. Robo saa sina nakala hata moja, nacheza na spika yangu, mama anapiga vigelegele.

Kumbe mwalimu katekista hakwenda nyumbani. Alikaa juu ya gunia la kabichi, akavaa miwani, akatoa nailoni, na kwa mazoea ya huko akaanzia nyuma. Akafunua ukurasa mweupe. Akafunua mweupe mwingine. Akaninyooshea kitabu, akauliza kwa ile sauti yake ya kusomea masomo kanisani, "Skola, hiki ni kitabu au daftari?" Watu wakacheka, nami nikacheka, si unajua kicheko cha mtu anayezama. Akaendelea kufunua kuelekea mwanzo mpaka akafika kwenye zangu. "Na huyu ng'ombe anafanya nini kwenye lori?"

"Si ng'ombe, mwalimu. Ndiye mwizi."

Basi tena. Nailoni zikachanwa gulio zima, watu wanaonyeshana, wanashika mbavu, mmoja anauliza mbona shujaa ana mikono mitatu (ule wa tatu ulikuwa bunduki), na mimi natamani ardhi ipasuke, na spika nayo bado inapiga muziki kwa sababu sioni kitufe cha kuzima. Kicheko ningekivumilia. Ila mnunuzi wa Dar alikuwepo, ameegemea lori lake, naye alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akageuka, akamwambia mpakiaji wake bila ubaya wowote, "Leo na haya ya Mama Skola yamwage."

Mama akasimama, akakunja kile kitenge cha Pasaka, akasema, "Mwaga, baba. Mwaga yote."

Matenga kumi yakamwagwa. Nyanya zilikuwa nzima mpaka ya mwisho, mnunuzi mwenyewe akasema samahani mama, akalipa, lakini mama alikuwa keshapiga magoti kwenye vumbi anazipanga upya moja moja, nami nikapiga magoti kando yake na fulana yangu ya kipuuzi, nalia wazi wazi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Futa uso, zitalowa," na hapo ndipo nilipoumia.

Wiki ile yote nikapanda na kushuka vijia vya Mgeta kurudishia watu hela yao. Shikamoo, naomba kitabu, hela hii hapa, samahani sana. Wengine walinichangamkia, wengine walikuwa wameshawashia jiko. Getruda akanigomea. Nilimkuta shambani kwake anachimba viazi, kitabu kimekunjwa mfukoni mwa aproni.

"Hela kaa nayo," akasema. "Kurasa za mwanzo nimezipenda, za katikati nimevumilia. Niambie tu, huyo mwizi ni nani?"

Wallahi sikuwa najua. Sikuwahi kukaa nikafikiria, nilikuwa nafikiria spika.

"Sijui, dada."

Getruda akachomeka jembe ardhini. "Hujui, na uliuza?"

Sasa naapa mbele yenu nyote, sitatangaza tena kitu ambacho mimi mwenyewe sijui kinaishaje, hata nikisukwa kutwa nzima. Nilimwangukia Idi, akanizungusha wiki mbili, akakubali, tumeanza upya ukurasa wa kwanza, na ukitaka kujua kinatoka lini kamuulize yeye. Kila Jumapili napanda Mgeta. Mnunuzi siku hizi anamwaga matenga ya mama kama ya wengine wote, nami nipo pale chini naokota.