Mikono ya Kusokota Upote

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na kiti changu. Shangazi alikuwa ameniambia kwamba kule Katindo, mtaa wa hapa Goma, kwenye ateliye ya kuchongea pinde, wanawake wanakaa chini, nami nikasema mimi sikai chini. Shefu wa ateliye, muzee mfupi mwenye sauti nzito, alikitazama kile kiti, akanitazama na mimi.

"Mutoto, hapa mutu anasokota kwa paja. Juu ya kiti, paja litalala wapi?"

Nikakaa chini. Kile kiti alikikalia yeye mpaka kikavunjika, wala hakuniomba radhi.

Kazi yangu ilikuwa upote, yaani ile kamba ya upinde. Nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za zamani mnadhani upinde ni mti tu. Sasa huo mti bila kamba utarusha nini? Tulichukua mishipa ya mgongo wa ng'ombe kwa wachinjaji, tukaianika, tukaiponda kwa nyundo ya mti mpaka ikaachana nyuzi nyuzi. Unalowesha uzi kwa mate, unausokota pajani kwenda gotini, unasokota na wa pili, kisha unazikunja pamoja kwa kuzirudisha nyuma, ili kila mmoja ukitaka kufunguka umbane mwenzake. Mwisho unapaka nta ya nyuki. Wiki ya kwanza paja lilichubuka hata nikalia. Asubuhi nikakuta mafuta ya ng'ombe kwenye kikombe, pale pale ninapokaa. Shefu alikuwa amegeuka upande mwingine anakohoa.

Ngojeni nisimame kidogo. Tangu niache kazi siwezi kukaa mahali pamoja, naona kama ukuta unanisukuma.

Wanaume ndio waliochonga. Mti ukishakatwa na kupasuliwa, unapakwa mafuta kwenye ncha, halafu unaning'inizwa juu ya jiko, moshi uukaushe pole pole. Shefu alikuwa akisema mtoto aliyezaliwa siku mti ulipokatwa sharti aanze kutembea kwanza, ndipo uuguse. Kisha ni panga, kisha kisu, na mwisho kipande cha chupa cha kulainishia. Mmoja anaupinda kidogo kwa mkono, mwingine anasimama mbali anatazama kama mbawa zote mbili, ya juu na ya chini, zinapinda sawasawa. Isiyopinda inakwanguliwa. Mwenye kutazama alikuwa Shefu mwenyewe.

Askari wa kambi ya jirani walipita mlangoni wakitucheka. "Vita ikija, nyinyi mutatulinda na hivyo vijiti?" Shefu alikuwa anawajibu, "Vijiti hivi ni vya ngoma, wanangu. Nyinyi mulinde, sisi tutacheza." Lakini habari mbaya zikisikika barabarani, tulikuwa tunaficha pinde zote chini ya magunia ya mkaa, maana mtu mwenye hofu haulizi upinde ni wa ngoma au wa nini. Miaka yangu ya kazi nimezificha na kuzifichua mara nyingi, nimechoka hata kusimulia.

Kati ya wachongaji alikuwako Paluku, kijana wa Butembo, mpole, mwenye kucheka peke yake. Nilimtania mpaka akanioa. Mtoto wetu wa kwanza ni Masika, ndiyo maana watu wote wananiita Mama Masika, na yeye Papa Masika.

Ateliye ile ilikuwa na sheria moja ambayo Shefu hakuruhusu mtu aichezee. Aliyechonga upinde ndiye anayeuvuta wa kwanza, mpaka mwisho, uso wazi. Upinde ukiwa na kasoro, siku hiyo ya kwanza ndiyo unapasuka, na unapasukia usoni. "Kama wewe unaogopa kuuvuta," Shefu alisema, "mutoto wa mwenzako aliyekuja kuununua amekukosea nini?"

Baadaye tulihamia Munigi, upande wa mlima wa moto. Volkano ilikuwa imeshuka mwaka ule, na mawe yake yalibaki na moto miezi mingi. Tulipoacha kulia tukaanza kuyatumia, ni vile watu wa Goma. Wamama walianika mihogo juu yake, wengine nguo za watoto. Ndipo akaja Direkta wa kituo kimoja cha ngoma, amevaa koti, ana haraka.

"Shefu, wachezaji wangu wanasafiri mwezi ujao. Nataka pinde za kweli, zenye kuvutwa."

"Direkta, mti wangu bado una maji."

"Sasa tutafanya aje?"

Shefu akatazama nje, akaona mihogo ya jirani inakauka juu ya mawe. Miti ikapangwa pale. Hakuna aliyebisha, hata mimi nilifurahi, nikasema mlima umetuletea jiko la bure. Baada ya siku chache miti ikawa myepesi mkononi, tukaichonga, nami nikausokotea kila mmoja upote wake. Kumbe moto ule ulikausha ngozi tu. Ndani mti ulikuwa mbichi, umejaa nyufa ambazo jicho halioni.

Siku ya kuvuta, Direkta alikuja kutazama. Wa kwanza ulikuwa wa mume wangu. Alipoupinda kuvisha upote nikasikia mti unalia, kitu kidogo, kama ukucha unaokatwa.

"Papa Masika, acha," nikamwambia.

"Niache, nimpe nani?"

Akavuta. Upinde ukapasuka katikati na kipande kikaingia jicho la kushoto. Upote wangu haukukatika. Ulibaki umeshika vile vipande viwili, vinaning'inia mkononi mwake, naye amesimama anauliza, "Mama Masika, ni nini? Ni nini?"

Shefu alichukua pinde zote zilizobaki akazivunja kwa goti lake, moja moja, mbele ya Direkta. Akaja hospitalini, akakaa pembeni ya kitanda, akasema, "Paluku, mikono yangu ndiyo iliyoweka miti pale." Hakushika kisu tena. Alirudi kwao, akafia huko.

Nilifikiri na mume wangu ataacha. Wapi! Kitambaa cha jicho hakijatolewa, tayari anauliza habari za miti. Shefu hayupo, basi nikaanza kutazama mimi. Yeye anapinda, mimi nasimama ukutani namwambia, "Mbawa ya juu bado ngumu," naye anakwangua. Miaka yote hiyo aliendelea kuvuta wa kwanza, uso wazi, na jicho lake moja. Niliogopa kila mara, lakini nilikuwa nimeutazama mwenyewe, nilikuwa naujua.

Sasa macho yangu yameingia ukungu. Mlango nauona, mtu namwona, lakini mpindo wa mti siuoni tena. Nilipomwambia alicheka.

"Si kitu. Nitaupapasa. Gumba langu linaona."

"Gumba lione lisione, litakalopigwa ni jicho. Waachie vijana wavute."

"Nimpe mutoto wa mutu kitu ambacho wewe unakiogopa?"

Na ana upinde mmoja pale, ameumaliza, kikundi cha ngoma kinausubiri. Vijana wa ateliye wanafunga nailoni, lakini yeye hataki, anasema nailoni inakula ncha za mti. Anataka upote wa mishipa, na Goma hii nzima sijui mwingine anayeusokota.

Mnaniuliza kustaafu kukoje. Niliwaambia wote kwamba mikono inauma, vidole havikunji. Waliniamini, wakaniaga vizuri, wakanipa kitenge na soda. Nyinyi nawaambia ukweli, na mkimfikishia mtajuana na mimi. Mikono yangu ni mizima. Haitulii hata kidogo. Nikikaa, naikuta inasokota nyuzi za gunia, pindo la kitenge, nywele za wajukuu mpaka wanakimbia. Nikisikia anatoka uani, naificha chini ya nguo.

Jioni tukishakula anakuja na mafuta ya ng'ombe, anaushika mkono wangu, anausogeza karibu kabisa na lile jicho lake, anakanda kidole kimoja kimoja. Ule upinde umesimama nyuma yake kwenye kona, bila kamba.

"Hapa, Mama Masika?" aliniuliza jana. "Hapa ndipo panauma?"

"Hapo hapo, papa," nikamwambia. "Panauma sana."